Mbuzi juu ya mabega

Nikisema mchungaji leo nasemea ule wa kondoo, hapana wa kanisa.

Kule Roma, chini ya udongo, kuko makaburi ya Priscilla. Wakristo wa karne ya 3 walichora pale kijana wa nguo fupi, amebeba mbuzi mabegani. Ndiyo, mbuzi! Hana taji, hana kiti. Wale watu waliozika wafu wao mule, wakitaka kuonyesha Mungu anayetunza, walichora mtu wa kubeba.

Miaka 200 nyuma yake, kule Ravenna, mchungaji amekaa, amevaa dhahabu. Kondoo 6 wanamwangalia, mmoja anaguswa mdomo. Ni picha nzuri sana, lakini pale hakuna anayebebwa.

Mimi nilirudi kwa miguu yangu. Mama yangu mkubwa alirudi kwa tipoyi, siku mbili, vijana wanne wakipokezana, na hawakuwa jamaa zetu. Tulipofika hawakuuliza makuta, walisema tu mabega inauma.

Sasa kuna wenzetu wanaosema asiyelipa mchango, mgonjwa wake asibebwe kwa makuta ya sanduku. Ninawaelewa, sanduku letu ni dogo. Lakini wengi wanaokosa kulipa ndio hao wenye wagonjwa nyumbani. Kwa hiyo kabla ya kura ya leo ninaomba: fungu la usafiri wa wagonjwa libaki wazi kwa kila aliyerudi, amelipa ao hajalipa.