Kikohozi Kisichokoma
Haradali tunaijua kwa ile mbegu ndogo katika mfano wa Bwana. Lakini iko gesi iliyopewa jina hilo kwa sababu ya harufu yake. Katika vita vya 1980 hadi 1988, jeshi la Iraq liliwapiga askari wa Iran kwa gesi hiyo. Wengi walipona malengelenge, wakarudi nyumbani. Miaka ikapita, ndipo pumzi ikaanza kuwabana, na wengine macho yakafifia. Hata leo wako wanaolala na mtungi wa oksijeni kando ya kitanda.

Yule Msamaria alifunga jeraha, kisha akamwahidi mwenye nyumba ya wageni kwamba atarudi. Je, sisi? Mara ngapi tumemwimbia mgonjwa juma la kwanza, tukaomba, wala hatukuonekana tena?