Mtoto Akipata Homa Baada ya Safari ya Mbugani

Leo tunazungumza nawe uliye Kiplombe na sehemu nyingine za Eldoret, ambaye kikundi chako kinapanga safari ya kwenda kuona wanyama na kupiga picha.

Oktoba ni mwezi unaopendwa kwa safari hizi. Mahindi yanakauka shambani, na Siku ya Mashujaa, tarehe 20, ni sikukuu. Chama cha akina mama au kikundi cha kanisa hukodi matatu, na kila mmoja hubeba simu yake ya kupiga picha. Wengine huenda mbuga ya Saiwa Swamp karibu na Kitale, kumtafuta nzohe, yule swala wa majini. Wengine hupitia Iten wakateremka Bonde la Kerio, kuwapiga picha ndovu wa hifadhi ya Rimoi. Ni jambo jema, na watoto hufurahi sana. Lakini mama, unapoteremka bondeni na mtoto, unaingia mahali penye malaria zaidi kuliko nyumbani.

Kwa nini? Eldoret iko juu, karibu mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na usiku kuna baridi. Kijidudu cha malaria kinahitaji joto ili kikomae ndani ya mbu. Bonde la Kerio liko chini sana kuliko kwetu, na kuna joto mchana na usiku. Tena, watu wanaokua mahali penye malaria miili yao hujifunza kupambana nayo kidogo kidogo. Mtoto wetu wa huku juu hana kinga hiyo. Malaria ikimpata, inaweza kumlemea upesi. Hata wewe mtu mzima ni hivyo hivyo, na mama mjamzito zaidi.

Sasa sikiliza vizuri. Mbu wa malaria huuma kuanzia jua linapotua hadi alfajiri. Na wapiga picha hupenda saa gani? Ni saa hizo hizo, jua linapotua na linapochomoza, kwa sababu mwanga ni mzuri na wanyama wanatembea. Kwa hivyo, kabla ya saa kumi na mbili jioni, mvalishe mtoto nguo za mikono mirefu, suruali ndefu na soksi. Mpake mafuta ya kufukuza mbu, ukifuata maagizo ya kwenye chupa. Usimpake viganjani, wala karibu na macho au mdomo, na usimpake kabisa mtoto wa chini ya miezi miwili. Mkilala huko, beba chandarua chenye dawa kutoka nyumbani. Usiseme, "Ni usiku mmoja tu." Mbu mmoja anatosha. Pia, siku kadhaa kabla ya safari, pita kliniki uulize kama nyinyi mnahitaji dawa ya kuzuia malaria. Usijinunulie tu dukani.

Hata ukifanya hayo yote, kuna jambo moja ambalo ndilo kubwa leo. Chukulia mama mmoja amerudi Kiplombe salama. Picha za ndovu ameshawaonyesha majirani. Siku kumi zinapita, mtoto anapata homa na kutapika. Mama anasema, "Ni baridi ya huku kwetu," anampa dawa ya kutuliza homa, anangoja. Safari ameshaisahau. Siku ya tatu mtoto hanyonyi tena, amelegea. Hapo muda umepotea.

Malaria haitokezi siku mliyoumwa na mbu. Mara nyingi huanza baada ya siku 7 hadi 14, na inaweza kuchukua mwezi au zaidi. Kwa hivyo mtoto akipata homa baada ya safari, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Usingoje kuulizwa. Mwambie muuguzi: "Tulikuwa Bonde la Kerio, tukalala huko." Kama umesahau tarehe, fungua simu yako. Picha zile zinaonyesha siku mliyokuwa huko.

Mtoto atadungwa kidole na damu itapimwa. Akikutwa na malaria na kupewa dawa, ampatie mtu mmoja tu wa kumpa dozi kwa saa zake, na azimalize zote hata akianza kucheza. Asipokutwa nayo na homa iendelee, rudi apimwe tena. Akipata degedege, akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, au akiwa mgumu kuamka, kimbia hospitali mara moja, hata kama ni usiku.

Kusema mlikokuwa kunasaidia kwa magonjwa mengine pia. Mwaka 1980 na tena mwaka 1987, watu wawili walizuru pango la Kitum katika mbuga ya Mlima Elgon, kisha wakaugua ugonjwa wa Marburg, na wote wakafariki. Ugonjwa huo ni nadra sana, kwa hivyo usiogope mlima. Ila mapango yenye popo yapige picha ukiwa nje, na usimwingize mtoto humo.

Basi mama, nenda safari na wenzako, mpate picha nzuri. Kumbuka mambo matatu: mkinge mtoto na mbu jioni hadi asubuhi, akipata homa mpeleke siku hiyo hiyo, na useme mlikokuwa. Waambie na wenzako wa kikundi, maana mliosafiri pamoja mmeumwa na mbu wale wale.