MATUNZO YA VYOO VYA KUVUTA KWA HEWA KATIKA VYOMBO VYA BAHARINI

Mazungumzo kwa Mabaharia, Watumishi na Abiria



Choo cha kuvuta kwa hewa hakisafishwi kwa wingi wa maji. Pampu hupunguza mgandamizo wa hewa mabombani kwa kiasi cha theluthi moja hadi nusu. Kitufe kinapobonyezwa, vali hufunguka na uchafu hufyonzwa mara moja kuelekea tangini. Lita 1 ya maji, au pungufu yake, hutosha, ambapo choo cha kawaida huhitaji lita 6 hadi 9.

Hata hivyo, vyoo vyote vya chombo hutegemea mvuto mmoja. Mpira mmoja uliochakaa hupitisha hewa, pampu ikafanya kazi bila ya kupumzika, na hatimaye vyoo vyote vikasita. Kwa hivyo baharia anatakiwa aisikilize pampu. Ikijiwasha mara kwa mara hali ya kuwa hakuna aliyetumia choo, pana uvujaji. Maji kidogo yaachwe ndani ya bakuli. Yakipungua yenyewe, mpira wa chini ndio mbovu. Yasipopungua, vali za matawi zifungwe moja baada ya moja. Tawi ambalo likifungwa pampu hutulia, ndilo lenye kasoro.

Adui wa pili ni ukoko mgumu unaofanyika mkojo unapokutana na chumvi za maji, khasa maji ya bahari. Ukoko huo huziba bomba kidogo kidogo. Dawa yake ni asidi nyepesi iliyoruhusiwa na mtengenezaji wa choo, itumiwe kwa ratiba. Ni marufuku kuichanganya na dawa ya klorini, kwani hutoa gesi ya sumu.

Abiria nao wana wajibu. Vitambaa, pamba, pedi, nepi na mafuta ya kupikia visitiwe chooni kabisa.

Tangi la uchafu huzalisha gesi inayoua, na inapozidi, pua hushindwa kuinusa. Asiingie mtu kabla ya tangi kupitishwa hewa na kupimwa, na awepo mwenzake nje. Aliyeko nje asimfuate aliyeanguka bila ya vifaa vya kupumulia, aite msaada.

Kiambatisho cha 4 cha Mkataba wa MARPOL, kilichoanza kutumika tarehe 27 Septemba, 2003, kinazitaka meli za safari za kimataifa zinazohusika zisimwage uchafu usiosafishwa ila zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu, zikienda kwa mwendo usiopungua noti 4. Sehemu nyembamba ya mlango wa bahari baina ya Unguja na Bara ina kilomita 35 hivi, yaani maili 19. Hapo hata katikati hapafikii umbali huo. Bahari hiyo ndiyo inayovuliwa samaki wa kitoweo. Uchafu wa chombo uhifadhiwe tangini hadi upokelewe nchi kavu, na tangi litaaminika iwapo tu choo kimetunzwa.