Nani Aliidhoofisha Serikali ya Juba?



Historia ya Mapatano ya Addis Ababa ya 1972, yaliyoipa Kusini mwa Sudan serikali yake huko Juba, mnaijua kunishinda, nami sitawachosha nayo. Nimekuja kujibu hoja moja. Mwanahistoria wa Norway, Terje Tvedt, aliandika mwaka 1994, na tena katika kitabu chake cha 1998, kwamba mashirika ya hisani yalichangia kuidhoofisha serikali ya Kusini mwa Sudan. Mfano wake mkuu ni shirika la Norwegian Church Aid, iliyoweka makao Torit baada ya mapatano, ikachimba visima, ikatengeneza barabara, ikajenga shule na kulea vyama vya ushirika mashariki mwa Nile. Shirika likiwa na magari na mafuta, naye ofisa wa serikali hana kitu, mwananchi atabisha hodi wapi?

Ushahidi naupokea, hukumu naikataa. Kwanza, ofisa hakukosa mafuta kwa kuwa Wanorway walikuwa nayo. Aliyakosa kwa kuwa serikali kuu ya Khartoum iliahidi fedha za maendeleo ikatoa sehemu tu. Pili, kazi hiyo ilikuwa Ekwatoria ya mashariki. Kama mashirika ndiyo sumu, mbona utawala wa Bahr el Ghazal na Upper Nile, sehemu nyingine za Kusini, haukunawiri? Tatu, serikali ya Juba haikufa kwa kudhoofika. Ilivunjwa. Mwaka 1983 Rais Nimeiri wa Sudan aliigawa Kusini katika mikoa mitatu kwa amri, na amri hiyo haikutiwa sahihi Torit.

Shahidi wangu ni Abel Alier, rais wa kwanza wa Baraza Kuu la Utendaji la Kusini, na kitabu chake cha 1990 kuhusu mapatano yaliyovunjwa. Nakipenda kuliko vyote katika uwanja huu. Msomeni kwa tahadhari: ni mwanasheria anayejitetea, hasa kuhusu Mfereji wa Jonglei, mradi wa kuchepusha maji ya Nile ambao serikali yake iliuunga mkono. Lakini utetezi wake ndio utamu wake, kwani unatuonyesha serikali kwa macho ya aliyeketi kitini akisubiri fedha za Khartoum.

Wala dola si mlezi siku zote. Kwetu Ruvuma, Tanzania, wanavijiji wa Litowa na jirani zao waliunda chama chao cha maendeleo, wakapata misaada ya nje huku uamuzi ukibaki mikononi mwao. Mwaka 1969 chama tawala, TANU, kilikipiga marufuku na mali yake ikachukuliwa.

Nilikulia Mbinga, ambako marehemu baba alikuwa mweka hazina wa chama cha msingi cha kahawa. Jioni wanachama walikuja kudai wasomewe daftari la hesabu, naye, huku akinung'unika, aliwasomea. Tangu hapo naamini, na Tvedt hajanibadili, kwamba maendeleo ni ya yule anayeshika daftari, awe mfadhili, serikali au kijiji.

Sheria yenu ya mashirika hapa Sudan Kusini, ya 2016, inataka angalau asilimia 80 ya wafanyakazi wawe raia. Ni jambo jema, lakini ajira si umiliki. Nanyi wanafunzi, mkienda kwenye maboma na payam, ngazi za chini za utawala, kufanya utafiti, msiulize tu nani alijenga kisima. Ulizeni hesabu zake zinasomwa wapi, na mbele ya nani.