Shukrani Kabla ya Ahadi



Wafilipi sura ya 4 ni sura tunayoipenda sisi wahasibu. Paulo yuko kifungoni, Epafrodito amemletea msaada kutoka Filipi, naye anajibu kama mtu anayeandika risiti: anataja kutoa, kupokea, hata hesabu. Lakini risiti hiyo imejaa furaha, na hasahau kwamba walimsaidia tangu alipokuwa Thesalonike.

Sisi tunaanza na majina ya wanaodaiwa. (Nao hukaa viti vya nyuma, tunawajua.) Mama aliyeleta kuku wa mnada hatajwi popote. Mwaka huu tuombe jina la kila aliyetoa lisomwe, hata wa yai moja, tuimbe, ndipo tufungue daftari la ahadi.