Pakiti za Nano na Chakula cha Mtoto

Baadhi ya pakiti na mikebe ya chakula siku hizi hutiwa chembechembe za nano, ndogo hata macho hayazioni. Nanometa moja ni sehemu moja ya bilioni ya meta.

Chembechembe za udongo huzuia hewa kupenya, chakula kisiharibike upesi. Za madini ya fedha huua bakteria. Lakini fedha kidogo yaweza kuingia katika chakula, hasa penye joto au asidi. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya, tangu 2011, hutaka chembechembe za nano zichunguzwe kwanza kabla ya kutiwa katika plastiki ya chakula.

Basi mama, uji moto wa mtoto usiutie katika mkebe wa plastiki uliokuja na chakula kingine. Tumia bakuli safi la chuma.