Maji ya Jirani wa Juu: Mvua za Msimu na Mafuriko ya Ghafla katika Milima ya Ruvuma



Nimepewa kuzungumzia mvua za Msimu na hatari ya mafuriko ya ghafla milimani. Pengine mnatarajia nianze na mabadiliko ya tabianchi. Sitaanza huko. Si kwamba hayapo. Ila tukikutana tunayataja, tunakunywa chai, tunatawanyika, na kalavati lililoziba mwaka jana tunaliacha limeziba vilevile. Hoja yangu ni moja tu: mvua kubwa hatuwezi kuizuia, lakini mafuriko ya ghafla hutengenezwa kwenye mteremko na kwenye kalavati, na sehemu hizo mbili ziko mikononi mwetu.

Tuanze na kalenda. Mkoa wa Ruvuma uko katika eneo linalopata mvua mara moja kwa mwaka, mvua ambazo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huziita za Msimu, Novemba hadi Aprili. Wakati wa kaskazi, ukanda mvua hushuka kusini ukilifuata jua, na unyevu wa bahari hukutana na ule unaosukumwa kutoka misitu ya Kongo. Hewa hiyo ikigonga milima ya Livingstone na nyanda za juu za Umatengo hulazimika kupanda, hupoa, na kumwaga maji. Ikifika Mei kusi inashika, mvua inakata, na hadi Oktoba hatupati ya maana.

Miezi hiyo mikavu ndiyo tunayoisahau tunapozungumzia mafuriko. Majani yanakauka. Moto wa nyika unapita, mwingine wa kusafisha shamba, mwingine wa mwindaji wa panya. Novemba inapoingia, mteremko uko uchi na uso wa udongo umegandamana. Mvua ya kwanza ikija kwa nguvu haina pa kuzama, inateleza tu. Kwa wiki hizo chache vilima vyetu havitofautiani sana na milima ya jangwani.

Nimetaja jangwa kwa makusudi. Wazanzibari wenye ndugu Oman wanaijua habari hii vizuri. Milima ya Hajar ni mawe matupu, na mabonde yake makavu, wanayoyaita wadi, yanaweza kukaa muda mrefu bila tone. Kisha mvua inanyesha mlimani, na aliye chini anaona ukuta wa maji ya tope wakati juu ya kichwa chake hakuna hata wingu. Aprili 14, 2024, maji ya namna hiyo yalilikumba gari lililokuwa na wanafunzi eneo la Samad al-Shan, na watoto walikufa. Huko sheria ya barabarani humwadhibu dereva anayethubutu kuvuka wadi linalotiririka. Ningependa vijana wetu wa bodaboda wasikie hilo, maana hapa anayevuka maji tunamshangilia.

Sasa hesabu kidogo, mnivumilie. Milimita 1 ya mvua katika mita moja ya mraba ni lita 1. Mamlaka ya Hali ya Hewa huiita mvua kubwa ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Milimita 50 hizo zikianguka kwenye kilima chenye eneo la kilomita moja ya mraba ni lita milioni 50. Tuseme nusu yake inazama ardhini. Zinazobaki ni lita milioni 25, yaani maboza 2,500 ya lita 10,000 kila moja, na yote yanashuka kuelekea korongo lilelile. Yakishuka kwa siku nzima, korongo linayabeba. Yakishuka kwa saa moja, halina uwezo huo. Tena mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili, nguvu ya msukumo wake huongezeka mara nne. Ndiyo maana kijito ambacho mtoto hukivuka kwenda shule asubuhi kinaweza kusukuma gari jioni.

Huo ni mwanzo wa Msimu. Kuna hatari ya pili, nayo ina tabia tofauti: mvua inaponyesha mfululizo hadi ardhi inashiba. Hapo tatizo si kwamba udongo haunywi. Umekunywa kupita kiasi, umekuwa mzito, na mlima unaachia. Tuliliona Hanang, Jumapili ya Desemba 3, 2023. Tope, mawe na magogo vilishuka kutoka mlimani vikaingia Katesh na Gendabi, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Mvua za vuli mwaka huo zilikuwa zimeongezewa nguvu na El Niño. Serikali ilieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji hadi ikameguka. Miezi michache kabla, Machi 2023, majirani zetu wa ng'ambo ya Ziwa Nyasa walipigwa na kimbunga Freddy, na waliokaa kwenye miteremko ya Blantyre ndio walioumia zaidi. Anayejenga leo kwenye kingo za milima yetu ya Matogoro azitazame picha za huko kabla hajamwaga msingi.

Ila kilichonifanya niombe wahandisi waalikwe leo ni Mai Mahiu, Kenya. Usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, maji yalibomoa makazi na kuua makumi ya watu. Awali ilisemekana bwawa limepasuka. Baadaye wizara ya maji ya huko ikaeleza kwamba ni njia ya maji chini ya tuta la reli: ilikuwa imezibwa na takataka, maji yakajikusanya nyuma ya tuta, kisha tuta likaachia yote kwa mkupuo. Yaani watu walikuwa na bwawa ambalo hakuna aliyejua kuwa ni bwawa.

Je, sisi tunayo mangapi? Mkitoka ukumbini, simameni kwenye kalavati lolote la barabara ya mtaa, upande wa juu, mwiname mchungulie. Chini kuna mchanga uliosombwa kutoka mashambani. Juu yake mabua, kisha chupa za maji, pampasi, kipande cha salfeti kilichonasa kwenye mzizi. Tundu lililojengwa mtu aweze kuingia akiinama limebaki upana wa kiganja. Upande wa chini unaweza kuonekana safi kabisa, kwa sababu hakuna kinachopita. Na mkaguzi aliyekuja na gari husimama upande gani? Mara nyingi ule wenye kivuli.

Mchanga ule ndio unaoturudisha mlimani, na hapa sina budi kuwasifu Wamatengo. Kwenye miteremko mikali ya Mbinga wamelima kwa ngoro tangu karne ya 19, walipojikusanya milimani kwa kuyakimbia mashambulizi ya Wangoni. (Mimi nasema haya Songea, mjini kwa Wangoni, naomba nisitolewe nje.) Mvua zikikaribia kwisha, mwanamume anafyeka majani, anayalaza kwa mistari inayokatana hadi shamba linakuwa na miraba. Mwanamke anachimba udongo katikati ya mraba na kuyafunika majani nao. Juu ya kingo hizo zinapandwa maharage mwezi Machi, na Novemba au Desemba mahindi yanafuata. Majani yanaoza ndani yanakuwa mbolea. Shimo linabaki katikati, upana wa mraba wote ukiwa kama mita moja na nusu.

Mraba wa mita moja na nusu kila upande, kwa mvua ya milimita 50, unapokea lita 112 na nusu. Shimo lenye sakafu ya mita moja ya mraba na kina cha sentimita 20 hushika lita 200, pipa zima. Mvua kubwa imeingia, imetua, inazama taratibu, na mchanga umebaki shambani kwa mwenyewe. Tena ona wakati wenyewe: ngoro iliyochimbwa Machi bado iko wazi Novemba, wiki zilezile ambazo mteremko wa jirani uko uchi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wa Kyoto, Japani, walikuja kujifunza Mbinga tangu miaka ya 1990. Sisi wa jirani tunapita kwa basi.

Ngoro ina jasho, sitawadanganya. Kazi yake ni nzito na sehemu kubwa inamwangukia mama. Vijana wanapenda matuta, na matuta si dhambi yakikata mteremko. Yakishuka nao, kila mfereji unakuwa njia ya kupelekea mafuriko kwa jirani wa chini. Mjini ngoro haiwezekani, lakini kanuni yake inawezekana: maji yashikwe pale yanapoangukia. Paa la bati la mita 100 za mraba hutoa lita 5,000 kwa mvua hiyohiyo ya milimita 50, simtanki moja. Mtaa wa nyumba 200 unamwaga lita milioni moja barabarani, kisha tunalaumu mtaro.

Kuhusu sheria nitapita haraka, kwani haikosekani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inataka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Kinachokosekana ni kamati kuwa na kazi kabla ya maafa.

Utabiri wa Mamlaka nao ufuatwe: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Lakini taarifa hiyo inataja mkoa, haitaji korongo lako. Kutoka Umatengo hadi mwambao wa Nyasa ardhi inashuka takriban mita 1,000. Mvuvi wa Mbamba Bay anaweza kuwa juani huku maji yakimshukia kutoka kwa mkulima wa Mbinga. Mtu wa kumwonya ni mkulima huyo, kwa simu. Na aliye chini azijue dalili mwenyewe: maji kugeuka rangi ghafla, kubeba majani mabichi, au, mbaya kuliko zote, kijito kupungua wakati mvua ingali inanyesha. Hapo kuna kitu kimeziba juu. Ondokeni kwanza, mkaulize baadaye.

Naomba basi semina hii iazimie mambo mawili. Kila mtaa na kijiji kiorodheshe makalavati yake na kuyakagua upande wa juu kabla ya Oktoba 31, orodha ikabidhiwe TARURA au TANROADS kulingana na barabara, na nakala ibandikwe ofisi ya mtendaji. Na kila kata iandike namba za simu za watu wawili wanaoishi juu ya korongo na wawili wanaoishi chini yake, wajuane, wajaribu kupigiana kabla mvua haijaanza. Wenyeviti wa mitaa mliopo hapa, karatasi ya kuanzia orodha hiyo ipo mezani; tafadhali msiondoke bila kuichukua.